Tone Chini ya Mota

Ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya RN3, ziwa liko kulia na milima iko kushoto kwa zaidi ya kilomita 70. Katika ukanda huo mwembamba zimejipanga hoteli na nyumba za mapumziko, na zile zenye bwawa la kuogelea huwa na chumba kidogo cha mitambo ambacho mgeni hakioni kamwe. Fundi akiitwa humo kutazama pampu inayovuja, huonyeshwa karibu kila mara kitu kilekile: kidimbwi sakafuni, chini ya mahali mota inapoungana na kasha la pampu. Mwenye hoteli ameshaamua kwamba sili, ile inayozuia maji kupita kando ya mhimili, imekufa, na mara nyingi amesema kweli. Sili mpya inafungwa, sakafu inakauka, wageni wanaogelea. Miezi michache baadaye kidimbwi kimerudi palepale, na lawama inaanza kuzunguka: kipuri ni cha bandia, fundi ni wa kubahatisha, mota ni ya zamani.

Lawama hizo huenda zikawa na ukweli, lakini zinaruka swali kubwa, yaani nani aliyeiua sili ya kwanza. Katika mwambao huu wauaji wake ni watatu, nao hufanya kazi pamoja: hewa inayopenya upande wa kufyonza, umeme unaokatika na kurudi bila taarifa, na maji yenye kemia ya Ziwa Tanganyika. Anayebadilisha sili bila kuwatafuta hao amekausha sakafu kwa muda tu.

Kabla ya kuingia kwenye chumba cha mitambo, inafaa kueleza kwa nini suala hili ni zito kuliko starehe ya watalii. Ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470 liko hatua chache tu, na maji yake ni maangavu. Ila maji hayo yana wenyewe. Viboko hupanda ufukweni jioni, na mamba hawako mbali. Yule mkubwa aliyepewa jina la Gustave, aliyefuatiliwa kwa miaka na Mfaransa Patrice Faye, alisimuliwa kuanzia mdomo wa mto Ruzizi hadi pande za Rumonge. Kwenye maji yaliyotulia karibu na makazi kuna konokono wanaobeba kichocho. Mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze kuogelea kwa usalama ana sababu nzuri ya kupendelea bwawa lenye vigae. Pampu ikisimama siku mbili tatu kwenye joto la Rumonge, maji yanaanza kugeuka kijani na bwawa hilo halimfai tena mtoto.

Pampu ya bwawa ni mashine ya haki: huvuja kwa mpangilio unaoeleweka. Maji huvutwa kutoka skima, yaani tundu la ukingoni mwa bwawa, na tundu la sakafuni, yanapita kwenye kikapu kinachonasa majani, yanaingia katikati ya impela, gurudumu la pampu linalozunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, kisha yanasukumwa kwenda kwenye chujio la mchanga na kurudi bwawani. Kila kilicho kabla ya impela kiko chini ya mvuto. Kila kilicho baada yake kiko chini ya shinikizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye pampu si wapi panavuja, ni lini. Inadondosha ikiwa inafanya kazi, ikiwa imezimwa, au nyakati zote mbili?

Ikidondosha pale inapofanya kazi, na tone likiwa mbele, kwenye bomba linalotoka, basi nyuzi za kiungo au yuniani zimelegea, au kasha lina ufa. Ikidondosha kwa dakika chache baada ya kuzimwa kisha ikakauka, mtuhumiwa ni kifuniko cha kikapu au kiungo kingine cha upande wa kufyonza: kazini hapo hapatoi maji, panameza hewa. Ikiwa maji yanatokea kwenye uwazi kati ya kasha na mota, chini ya mhimili, hapo ndipo sili ilipo. Na ikiwa pampu imewekwa chini kuliko usawa wa maji ya bwawa, kama ilivyo kwenye vyumba vya chini ya ardhi, itavuja usiku na mchana bila kujali swichi, na kifuniko hakifunguliwi kabla vali za pande zote mbili hazijafungwa.

Macho hudanganya katika chumba chenye unyevu. Maji ya kifuniko huteleza kwenye mbavu za kasha na kudondokea chini ya mota, yakimsingizia asiyehusika. Njia ya kuaminika ni ya kizamani: zima, futa kila kitu kwa kitambaa hadi kikauke, tandika vipande vya gazeti au boksi chini ya kila sehemu, washa, kisha kaa utazame kipande gani kinalowa kwanza. Kazi hiyo inataka subira ya nusu saa. Wengi huikwepa kwa kuwa haifanani na kazi, na hapo ndipo fedha ya mteja inapoanza kupotea.

Hewa inataka uchunguzi wake, kwa sababu haidondoki. Dalili zake ni mapovu yanayocheza ndani ya kikapu kupitia kifuniko angavu, mapovu kwenye matundu ya kurudishia maji bwawani, na sindano ya geji inayotetemeka. Rumonge imejaliwa njia ya kuitafuta hewa hiyo, maana ni mji wa mawese, na penye mawese hapakosi sabuni. Povu zito la sabuni likipakwa kuzunguka kifuniko, kwenye vali na kwenye kila kiungo cha bomba la kufyonza huku pampu ikifanya kazi, litazama ghafla pale penye tundu. Mara nyingi litazama kwenye oringi, pete ya mpira ya kifuniko.

Oringi hukauka, hubonyea na kushika chembe za mchanga. Tiba yake ni kuivua, kuiosha pamoja na mfereji wake, kuichunguza kwa kuikunja taratibu ili nyufa zijitokeze, na kuipaka grisi ya silikoni kidogo. Katika mji ambao dumu la mawese liko karibu kuliko duka la vipuri, kishawishi cha kupaka mafuta ya kupikia ni rahisi kukielewa, lakini kikataliwe. Mafuta ya mimea na vaselini huvimbisha na kulainisha baadhi ya mipira inayotumika kwenye pampu hizi, na oringi iliyovimba haikai tena kwenye mfereji wake.

Sasa umeme. Burundi inategemea sana nguvu ya maji: Rwegura, Mugere, mitambo ya Ruzizi inayotumiwa pamoja na majirani, na katika milima ya kusini mradi wa Jiji na Mulembwe wenye uwezo wa megawati 49.5 kwa jumla. Delestaji, yaani mgao wa umeme, imekuwa sehemu ya maisha, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umefanya jenereta nyingi zikae kimya saa ambazo zamani zingenguruma. Kwa taa, umeme ukikatika na kurudi hakuna madhara makubwa. Kwa pampu iliyowekwa juu ya usawa wa bwawa na yenye tundu dogo la hewa, kila kukatika ni hatari.

Mfuatano wake ni huu. Umeme unakatika saa nne usiku. Impela inasimama. Hewa inapenya taratibu kwenye oringi iliyochoka, na maji yaliyokuwa kwenye kikapu na bomba yanarudi bwawani kwa uzito wake, hasa kama hakuna vali ya kuzuia maji kurudi. Saa nane usiku umeme unarudi, saa ya kuwashia inairuhusu pampu, mota inazunguka. Kasha limebaki na maji kidogo, ambayo kwa kawaida yangetosha kuvuta mengine. Lakini hewa inayoingia inashinda mvuto huo. Maji yaleyale yanazungushwa hadi yanapata joto, kisha yanachemka. Hakuna mtu chumbani. Asubuhi mlinzi anakuta pampu inalia na kasha haligusiki.

Sili imeundwa na nyuso mbili, moja ya kauri iliyotulia na nyingine ya kaboni inayozunguka na mhimili, zikibanwa pamoja na springi. Zimesuguliwa hadi kuwa tambarare kwa kipimo cha mikroni, na kati yake hupita utando mwembamba mno wa maji. Utando huo ndio ulainishaji wake na ndio upoozaji wake. Hakuna grisi wala mafuta. Maji yakikosekana, nyuso zinasuguana kavu, joto linapanda kwa dakika chache, kauri inapata ufa, mpira unaoishikilia unakakamaa. Joto hilohilo hulainisha nyuzi za plastiki kwenye bomba la kutokea, zikajikunja na kuacha mwanya. Ndiyo maana pampu iliyoendeshwa kavu mara nyingi huvuja sehemu mbili kwa pamoja, nyuma na mbele. Fundi anayeona mivujo hiyo miwili aulize kwanza kuhusu usiku wa delestaji, kabla hajaulizia umri wa pampu.

Mafundi wa maboti wa Rumonge, wenye mikono hodari kabisa, wana zoea moja linalohitaji kuangaliwa hapa. Kwenye mhimili wa chombo cha zamani, ule unaopita kwenye kamba zilizosokotwa na kubanwa kwa nati, tone moja moja ni jambo la kawaida. Bila maji kupita, kamba zingeungua. Sili ya pampu ya bwawa haina ruhusa hiyo. Tone lake la kwanza ni tangazo la hitilafu, na likiachwa litatambaa kwenye mhimili hadi beringi ya mbele ya mota. Beringi ikishika kutu huanza kupiga mluzi, na sili ya bei ndogo inakuwa imeua mota nzima.

Muuaji wa tatu yumo ndani ya maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina pH ya karibu 9 na magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, urithi kwa sehemu kubwa wa Ziwa Kivu unaoshushwa na mto Ruzizi. Alkalini yake inapita miligramu 300 kwa lita ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ilhali bwawa la kuogelea hutakiwa kuwa na kati ya 80 na 120. Bujumbura hunywa maji ya ziwa hili kupitia shirika la maji la Regideso, na bwawa likijazwa kwa maji hayo, yawe ya bomba au ya kuvutwa moja kwa moja ufukweni, tabia hiyo huja nayo.

Matokeo yake ni mawili, nayo yanavutana. Klorini hupoteza makali pH inapopanda: kwenye 7.5 karibu nusu yake iko katika umbo linaloua vijidudu, na kwenye 8.5 ni kama sehemu moja ya kumi tu. Mtunza bwawa anaona maji bado yana ukijani, anaongeza unga wa klorini, na unga huo ukiwa wa kalsiamu hipokloriti unaleta kalsiamu ambayo ziwa halikuwa nayo nyingi. Kalsiamu ikikutana na alkalini kubwa na joto la kwenye sili, magamba meupe yanaota pembeni ya nyuso zile tambarare na kuzichana. Akigundua tatizo, mtunza bwawa huyohuyo anamimina asidi bila kupima, na pH inaanguka chini ya 7, maji yanaanza kula chuma cha mhimili na kuuchosha mpira. Kuna kosa baya zaidi: kuweka vidonge vya klorini ndani ya kikapu cha pampu ili viyeyuke polepole. Pampu ikizimika kwa delestaji ya saa sita, vidonge hivyo, ambavyo ni vya asidi, hutengeneza mchanganyiko mkali uliokaa juu ya oringi, impela na sili kwa saa hizo zote. Vidonge vina chombo chake cha kuelea. Kikapu ni cha majani.

Kipimo cha pH na alkalini mara mbili kwa wiki, na asidi kwa vipimo vidogo huku pampu ikizungusha maji, hulinda sili kuliko chapa yoyote ya kipuri.

Hapa hesabu kidogo inaweza kuokoa fedha nyingi. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, lenye uso wa mita za mraba 32. Maji yakishuka milimita 5 kwa siku, zimepotea lita 160. Kiasi hicho ni mvukizo wa kawaida wa eneo hili. Ziwa lenyewe hupoteza sehemu kubwa zaidi ya maji yake angani kuliko yale yanayotoka kwa mto Lukuga kule Kalemie. Tone moja kwa sekunde chini ya mota ni kama lita 4 tu kwa siku. Basi bwawa linaloshuka sentimita 3 kila siku, yaani lita 960, haliwezi kuponywa kwa sili mpya. Tafuta kwingine: vali ya njia sita juu ya chujio, ambayo gasketi yake ikichakaa hupitisha maji kimyakimya kwenda kwenye bomba la kumwagia nje; skima iliyoachana na zege; taa za ndani; bomba lililopasuka ardhini. Ndoo iliyojazwa maji, ikasimamishwa kwenye ngazi ya bwawa na kuwekwa alama ndani na nje, itaonyesha baada ya saa 24 kama bwawa linapoteza zaidi ya mvukizo. Kipimo kirudiwe pampu ikiwa imezimwa. Tofauti ya siku hizo mbili inaonyesha kama tundu liko kwenye mabomba yenye shinikizo.

Wakati wa uchunguzi huo ndipo linapotolewa agizo ambalo ufukweni hapa linaweza kuliangamiza bwawa: "Toeni maji yote tuone."

Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa baada ya miezi ya mvua na mafuriko. Ziwa lilikuwa limefika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kinacholingana na kile cha 1964. Gatumba na Kibenga, pande za Bujumbura, na sehemu za ufukwe wa Rumonge ziliingia maji. Kanuni ya Maji ya 2012 inatenga mita 150 kutoka ufukweni zisijengwe, lakini majengo mengi yamo ndani ya ukanda huo, na mabwawa yake yamo ndani ya udongo ambao maji yake hupanda pamoja na ziwa. Bwawa lililojaa hutulizwa na uzito wake. Likimwagwa wakati maji ya ardhini yako mita moja juu ya sakafu yake, sakafu ya mita za mraba 32 inasukumwa juu kwa nguvu ya tani 32. Zege hupasuka, mabomba hukatika, na bwawa la faiba huinuka lote kama mtumbwi.

Ukarabati wa pampu hauhitaji kumwaga hata lita moja zaidi ya yale yaliyomo kwenye kasha. Vali zikifungwa, au vali zikikosekana tundu la skima likizibwa kwa plagi ya mpira, kazi inaendelea. Anayelazimika kulimwaga bwawa kwa sababu nyingine achimbe kwanza shimo la kipimo pembeni yake aone maji ya ardhini yako wapi.

Jambo la umeme linahitaji ukali. Sakafu iliyolowa, mota yenye maji na waya wa ardhini uliokatika ni mauti ya mtu, tena mara nyingi ya kijana msaidizi aliye peku. Mahali penye jenereta inayojiwasha, kuzima swichi wakati hakuna umeme hakutoshi, kwa kuwa jenereta inaweza kuamka mkono ukiwa ndani ya kikapu. Breka ya pampu yenyewe ifungwe na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Laini ya pampu iwe na kikata umeme cha miliampea 30, na kibonyezo chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Mota iliyozama kwenye mafuriko isiwashwe "kujaribu". Ikaushwe na kupimwa insulesheni kwanza.

Kuhusu vipuri, RN3 si ya kutegemewa kila msimu. Pale Gitaza mlima ulimeguka Machi 2015, ukaua watu na kuifunga barabara. Fedha za kigeni nazo ni adimu, kwa hiyo mota na sili haziagizwi kirahisi. Karakana za Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kazi, hupata sili za kufanana, na ni hapo penye mtego. Pampu nyingi za Marekani zina mhimili wa inchi tano kwa nane, yaani milimita 15.875, baadhi ya zile za Ulaya ni milimita 16. Jicho haliwezi kutofautisha, lakini sili iliyozidi kwa thumuni ya milimita itapitisha maji kando ya mhimili tangu siku ya kwanza. Fundi aende na sili ya zamani pamoja na kipimo cha venia, na pia asome kibao cha mota: pampu iliyoundwa kwa herzi 60, ikiendeshwa kwa 50 za Burundi, hutoa karibu asilimia 70 tu ya shinikizo lake na huchelewa kuvuta maji.

Kufunga sili kwenyewe ni kazi ya saa moja kwa mkono uliotulia. Impela hufunguliwa mhimili ukishikiliwa kwa nyuma ya mota. Pampu zenye skrubu ya katikati huwa na nyuzi za kushoto, na anayelazimisha upande wa kawaida ataikata. Nyuso za kauri na kaboni hazishikwi kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu mguso wake. Mpira hulainishwa kwa maji ya sabuni, bila grisi, na gasketi ya kasha hubadilishwa palepale hata ikionekana nzima.

Kisha lije jaribio ambalo mafundi wengi hulisahau. Pampu ikishakuwa kavu nje na tulivu, izimwe kwa makusudi kwa saa mbili, kama delestaji ingefanya, bila kufungua kifuniko. Usawa wa maji kwenye kikapu utazamwe mwanzo na mwisho. Ikiwashwa, ihesabiwe inachukua muda gani kujaa. Kikapu kikibaki na maji na kujaa ndani ya dakika moja au mbili, kazi imekwisha. Kikiwa kimekauka, fundi arudi na povu lake la sabuni kwenye bomba la kufyonza usiku haujaingia.